Nchi ya zabibu ya Dodoma: mje lini, mpite wapi, mwone nini

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Tanga. Tumepanga safari ya siku nne, mimi na mume wangu, watoto wetu wawili (miaka 9 na 13) na mama mkwe wangu. Kila siku naona picha za mashamba ya mizabibu ya Ulaya na Afrika Kusini, vilima vyake na njia zake za kutembea, nikasema moyoni: si na sisi tunayo Dodoma? Lakini kila ninayemuuliza ananijibu kwamba Dodoma ni vumbi na ofisi za serikali. Sisi ni Waislamu, pombe hatunywi. Mama goti linamsumbua. Je, kuna cha kutupeleka huko? Na tuje likizo ya Aprili au tungoje Agosti?

JIBU: Dada yangu, ngojeni Agosti. Naanza na hilo kwa kuwa mkikosea mwezi, hata nikiwapa ramani nzuri namna gani mtarudi Tanga mkiwaunga mkono hao waliowaambia Dodoma ni vumbi.

Nimefanya kazi ya ugani kwenye zabibu za Dodoma kwa miaka mingi, na siku hizi nawatembeza wageni mashambani. Swali la kwanza ninaloulizwa na karibu kila mgeni ni kwa nini zabibu huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka wakati Ulaya wanavuna mara moja. Ukishalielewa hilo, unajua uje lini.

Mzabibu wa Ulaya hulazwa na baridi. Majani hupukutika, mti husinzia miezi kadhaa, kisha joto likirudi huchipua. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100. Usiku wa Juni na Julai utatafuta koti, lakini baridi ya kuulaza mti haipo. Kwa hiyo kazi ya kuulaza na kuuamsha anaifanya mkulima mwenyewe, kwa mkasi wa kupogolea. Akiyakata matawi leo, mti unashtuka, unachipua, unatoa maua, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Akipogoa mwishoni mwa mwaka, anavuna Februari au Machi, katikati ya mvua. Akipogoa Machi au Aprili, anavuna Agosti na Septemba, jua likiwa kali na mawingu hakuna.

Zabibu za kiangazi ndizo tamu. Mvua ikizikuta zikiwa zinaiva, tunda linavuta maji, sukari inapungua makali, na magonjwa ya ukungu yanapata nafasi. Ndiyo maana mkija Aprili mtakuta mavuno ya masika yameshapita na mizabibu mingi imetoka kupogolewa: visiki vyenye vichipukizi, na barabara za ndani zimejaa tope. Nyasi zitakuwa za kijani, ni kweli, na mibuyu itakuwa na majani. Ila zabibu hamtaziona.

Agosti mambo yanageuka. Mvua ya Dodoma ni haba, chini ya milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Kufika Agosti nyasi zimekauka, ardhi imekuwa nyekundu na kijivu, mibuyu imepukutisha majani yote na kubaki na matawi yaliyonyooshwa juu kama mizizi. Katikati ya ukavu huo unakata kona na kuona kipande cha kijani kibichi, mistari kwa mistari, kimebeba vishada vyeusi. Hakuna kitu kingine cha kijani hadi macho yanapoishia. Nimeiona picha hiyo misimu mingi na bado nikifika hapo husimamisha gari.

Sasa niseme wazi jambo moja ili msije mkakata tamaa mlangoni. Dodoma hakuna majumba ya fahari katikati ya mashamba, wala njia za watalii zenye vibao na mishale. Zabibu nyingi ziko mikononi mwa wakulima wadogo, mwenye ekari moja, mwenye mbili, jirani na shamba la uwele, karanga au alizeti. Shamba ni uani kwa mtu. Unachokuja kuona ni kazi yake, na unaiona kwa ruhusa yake. Kwa maoni yangu hilo ni bora kuliko kulipia kiingilio na kupita nyuma ya kamba, lakini linataka maandalizi. Siku mbili tatu kabla ya safari mtafuteni afisa ugani wa kata au ofisi ya kijiji, au chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, mseme mnakuja watu watano, mnataka kuona uvunaji, na mtanunua zabibu. Hilo la mwisho lisemeni mapema. Mkulima anayepoteza asubuhi yake ya mavuno kuwaonyesha watoto shamba anastahili kuuza kitu.

Barabara ya kwanza mtakayoishika ni ya Iringa, kusini mwa mji. Bihawana iko huko, mwendo mfupi tu wa gari kutoka mjini. Ni kituo cha zamani cha misheni ya Kikatoliki, na simulizi ya zabibu Dodoma huanzia hapo, kwa kuwa wamisionari walihitaji divai ya misa na waliona udongo wa kichanga na ukame wa huku unafaa. Mkisimama pale kidogo mtaona jinsi mahali palivyochaguliwa: mteremko wa taratibu, upepo, vilima vya mawe kwa nyuma. Kisha endeleeni hadi Mpunguzi, na hapo mtulie, kwa sababu Mpunguzi na vijiji vinavyoizunguka ndivyo moyo wa kilimo chenyewe.

Fikeni mapema, saa moja asubuhi muwe tayari mmeshuka kwenye gari. Wavunaji huanza alfajiri, kwa sababu zabibu iliyokatwa ikiwa ya baridi inafika kiwandani salama, na iliyokatwa saa saba mchana inafika imeanza kuchacha kwenye kreti. Mtawaona, wengi wao akina mama, wameinama kwenye mistari, mkono mmoja unashika kishada kwa chini na mwingine unakata kikonyo kwa mkasi mdogo au kisu. Hawavuti. Kishada kikivutwa tunda linapasuka, nyuki wanajua kabla yako. Nyuki hao watakuwepo, wengi. Waambieni watoto wasipunge mikono. Baada ya nusu saa tu vidole vya kila mtu vinakuwa vya zambarau iliyokolea, na rangi hiyo sabuni haiitoi siku hiyo.

Mwambie mtoto wako mkubwa achukue tunda moja jeusi na aliangalie karibu kabla ya kulifuta. Litakuwa na utando mweupe kama vumbi laini, uliosambaa sawasawa. Ule ni nta ya zabibu yenyewe, inailinda isikauke. Ukifuta kwa kidole gumba, chini yake kunang'aa. Lakini akiona madoa meupe yenye mabaka mabaka, au unga ulionata upande mmoja tu, hiyo ni habari nyingine: inaweza kuwa ugonjwa wa ubwiriunga, au salfa ambayo mkulima ameipulizia ili kuuzuia. Kwa hiyo kanuni yangu kwa kila familia yenye watoto ni kumuuliza mwenye shamba mara ya mwisho amepulizia dawa lini, kununua, kuosha kwa maji safi, ndipo kula. Watoto wasichume na kutia mdomoni wakitembea, hata shamba likipendeza namna gani.

Aina mtakayokutana nayo zaidi ni ile iitwayo Makutupora nyekundu, tunda dogo jeusi, ganda gumu, mbegu kubwa, juisi nyingi. Nyeupe, ambayo kwa macho ni ya kijani inayoelekea manjano, mara nyingi ni Chenin Blanc. Zote mbili ni za kukamua, si za mezani, na watoto watalalamikia mbegu. Za mezani zina tunda kubwa na ganda laini. Ulizeni, wapo wakulima wanaozipanda, ingawa ni wachache zaidi.

Kuhusu pombe, niwape neno litakalowasaidia. Mtasikia wakulima wakizungumzia mchuzi: “nina lita elfu tatu za mchuzi,” “bei ya mchuzi mwaka huu.” Huo ni mchuzi wa zabibu, yaani zabibu zilizokamuliwa na kuhifadhiwa kwenye matangi zikisubiri mnunuzi. Mchuzi uliokaa tangini umeshachachuka. Tayari ni pombe, hata kama haujawekwa kwenye chupa na haujaitwa waini. Mgeni asiyejua hukaribishwa “onja mchuzi wetu” akadhani ni juisi. Nyinyi semeni tu, kwa upole, kwamba hamtumii kilevi. Dodoma watu wanaelewa na hakuna atakayeona vibaya. Mkitaka kunywa kitu cha zabibu, ombeni zikamuliwe mbele yenu asubuhi hiyo na mnywe hapo hapo. Msibebe kwenye chupa hadi jioni, kwa sababu kwa joto la huku juisi mbichi huanza kuchachuka yenyewe kabla siku haijaisha.

Huo mchuzi una historia ya uchungu, na ningependa watoto waijue. Zabibu haingoji. Mahindi unaweza kuyaweka ghalani hadi bei ipande. Kishada kikishaiva kina siku chache. Miaka ambayo viwanda vilinunua kidogo, nimesimama na mzee mmoja shambani kwake akitazama mavuno ya ekari mbili yakinyauka juu ya waya, nyuki na ndege wakila, na hakuna nililoweza kumwambia. Wakulima walipoanza kukamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi, walikuwa wanajinunulia muda. Matangi mtakayoyaona kando ya nyumba yana maana hiyo.

Baada ya shamba, jua likiwa bado halijapanda sana, tembeeni. Njia ni mapito ya ng'ombe yanayokatiza kati ya mashamba na vichaka, kichanga chepesi, tambarare. Mama ataweza bila shida akiwa na fimbo yake, na kuna mibuyu ya kumpa kivuli kila baada ya mwendo kidogo. Kivuli cha mbuyu wa Agosti ni cha shina, si cha majani, kwa hiyo mtakuwa mnazunguka nao jua linavyozunguka. Mkipishana na wachungaji au wazee, salamu ya Kigogo ni “Mbukwenyi.” Isemeni. Nimeona nyuso zilizokunjamana zikifunguka kwa neno hilo moja kutoka kwa mtoto wa pwani.

Kaskazini kuna barabara mbili zinazogawana siku ya pili. Barabara kuu iendayo Kondoa na Arusha inapita Makutupora, na hapo ndipo kilipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kinachoshughulikia zabibu. Kwa mwalimu kama wewe pale ni darasa: vitalu vya miche, pingili zilizopandwa kwenye viriba, mistari ya aina mbalimbali iliyowekewa alama ili zilinganishwe. Ni taasisi ya serikali, hivyo andikeni barua au pigeni simu mapema. Msifike getini tu na familia. Bonde hilo hilo la Makutupora ndilo lenye visima vya Mzakwe, ambavyo kwa miaka mingi ndivyo vimeunywesha mji wa Dodoma. Chini ya ardhi inayoonekana kavu kabisa kuna maji, na ukisimama pale ukatazama upande wa milima ya Chenene unaona jinsi ardhi yenyewe ilivyopasuka na kushuka. Ni mkono wa Bonde la Ufa.

Barabara ya pili inachepuka kwenda Hombolo. Huko kuna bwawa kubwa lililojengwa enzi za ukoloni, mashamba ya zabibu, na kiwanda cha CETAWICO kinachokamua zabibu za eneo hilo. Kama mtaingia kiwandani au la, hilo mtaamua wenyewe kama familia. Wakati wa mavuno inatosha kusimama nje, kwenye mizani, kuona matrekta na malori madogo yakishusha kreti na kusikia wakulima wakibishana juu ya kilo. Harufu ya zabibu zilizopondwa inafika barabarani. Mimi ningewapeleka zaidi bwawani jioni, saa kumi na moja, wakati wavuvi wanarudi na maji yamekuwa ya rangi ya shaba. Mtazame tu. Watoto wasiingie majini, maji yaliyotuama ya namna hiyo ni makao ya kichocho.

Mjini mtalala, na mji nautaja kwa ufupi. Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, ni mkubwa na mtulivu, mtaswali vizuri. Makumbusho ya jiolojia yatampendeza kijana wenu wa miaka 13 kama anapenda mawe na madini. Na mwelezeni mdogo kisa cha jina: kwamba tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito, akazama kwenye tope, na Wagogo waliomwona wakasema “idodomya,” amezama. Ndipo likazaliwa jina Dodoma. Vilima vya mawe makubwa yaliyopangana vinauzunguka mji pande zote. Mnaweza kuvipanda asubuhi mkiwa na mwenyeji, msiende peke yenu.

Siku ya tatu na ya nne zitoeni kwa Kondoa. Najua mmeuliza habari ya zabibu, lakini nisingekuwa mkweli kwenu kama ningewaacha mrudi Tanga bila kufika Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani. Na kuna jambo linalowahusu nyinyi hasa. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka pwani yenu, kutoka Pangani, ilikuwa ikifika Irangi, nchi ya Warangi, na Waswahili walifanya makao Kondoa. Mtaona misikiti, mtasikia majina ya kwenu, na kila mgahawa utawapa chakula bila nyinyi kuuliza mara mbili. Warangi wengi ni Waislamu. Mama atajisikia nyumbani kuliko anavyotarajia.

Barabara yote ni ya lami siku hizi. Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni kilomita 160 hivi, na Kolo iko mbele ya Kondoa, kandokando ya barabara ya Babati. Ondokeni alfajiri. Mtavuka nyika tambarare ya Ugogo, mibuyu na miiba, kisha ardhi inaanza kujikunja na kufika Irangi ni vilima juu ya vilima. Hapo watazameni makorongo. Mengine ni marefu kwenda chini kiasi kwamba ng'ombe akiwa ndani humwoni. Ardhi hii iliwahi kuliwa na mmomonyoko hadi watu wakaitolea mfano nchi nzima. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 serikali iliamua mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika zaidi. Kwa watu ambao ng'ombe ndiyo akiba, mahari na heshima, hilo lilikuwa pigo kubwa. Lakini miti ilirudi. Miteremko mtakayoiona imefunikwa na vichaka ilikuwa vipara vyekundu, na wazee wa Kondoa wanaokumbuka wakati huo wapo. Ulizeni mtu yeyote mwenye mvi awasimulie.

Kolo penyewe mtakuta ofisi ya Mambo ya Kale na makumbusho madogo. Mnalipa hapo, mnapewa mwongozaji, na bila yeye hampandi. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mapango na miamba yenye michoro imetawanyika kwenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,300. Hakuna atakayeiona yote. Nyinyi oneni moja vizuri: Mongomi wa Kolo. Kutoka ofisini mnaingia njia ya kichanga inayovuka mto, mkavu wakati wa Agosti, na gari liwe limeinuka juu na lenye nguvu magurudumu yote manne. Gari dogo litazama kwenye mchanga hapo hapo. Kisha ni kwa miguu, kupanda mawe, na mwisho wake ni mkali.

Hapo ndipo goti la Mama linapohusika. Asipande Mongomi. Mwambieni mwongozaji tangu ofisini kwamba mna mzazi asiyeweza mlima, awachagulie mwamba mwingine usio na kupanda sana, ili naye aone michoro kwa macho yake. Waongozaji wa Kolo ni watu wa palepale, wanazijua njia zote. Wakati wengine mnapanda Mongomi, yeye abaki na mmoja wenu kivulini kijijini.

Mtakachokiona juu ni mwamba mkubwa ulioinama mbele kama paa la baraza, na ukutani, kwa rangi nyekundu ya udongo, watu warefu wembamba. Miili yao ni mistari tu, lakini vichwa vimechorwa nywele kwa uangalifu, vingine vikubwa mviringo kama vilemba. Wako wawili wawili, watatu, wengine wameshikana. Kuna pofu (yule swala mkubwa), kuna twiga, kuna tembo. Jipeni dakika kumi bila kusema kitu. Mwanzoni jicho linaona madoa, kisha mguu unatokea, kisha mkono, kisha mtoto wenu atasema “yule pale!” na kuanzia hapo atawaonyesha yeye. Juu ya hiyo myekundu kuna mahali imepakwa michoro myeupe, minene, ya baadaye, ambayo huhusishwa na wakulima na wafugaji. Myekundu ina maelfu ya miaka, na watafiti wengi wanaihusisha na mababu wa wawindaji kama Wasandawe, ambao hadi leo wanaishi magharibi ya hapo na lugha yao ina sauti za kualika ulimi. Mwaka 1951 mtafiti Mary Leakey alikaa Kolo akiinakili michoro hii kwenye karatasi, mmoja mmoja.

Msiiguse. Jasho la kidole linakula rangi. Na mtu yeyote asiwashawishi kumwagia maji ukutani ili rangi ing'ae kwenye picha. Wageni wa zamani walifanya hivyo na madhara yake yanaonekana. Mkikuta chini ya mwamba majivu, mtama au alama za mafuta, msiziondoe wala msizipige teke. Wenyeji bado wanakuja pale kuomba mvua na kutafuta tiba. Mkiwaeleza watoto kwamba watu wengine wana namna zao za kuomba na mgeni hukaa pembeni kwa adabu, wataelewa.

Laleni Kondoa mjini usiku huo na kurudi Dodoma asubuhi. Mkitaka muziki, Chamwino, mashariki ya mji, ndiko kwenye tamasha la ngoma za Kigogo. Ulizeni tarehe za mwaka husika kabla ya kupanga. Ugogo ndiko alikotoka Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuifikisha ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze kwenye majukwaa ya dunia. Hata nje ya tamasha, kijijini mkimpata mzee mwenye ilimba, kaeni chini. Na chakula cha kuagiza ni ugali wa uwele au mtama kwa mlenda. Watoto wa pwani huukataa mlenda kijiko cha kwanza; waacheni wajaribu cha pili.

Kuhusu usafiri, basi la Tanga linapita Segera, Chalinze na Morogoro hadi Dodoma, ni siku nzima; siku za njiani sikuzihesabu kwenye zile nne. Mkitaka watoto waonje treni ya umeme, shukeni Morogoro na mpande SGR, ambayo imekuwa ikifika Dodoma tangu mwaka 2024. Kipande hicho kinapita kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa, nacho ndicho kizuri kuliko vyote vya reli hiyo. Kateni tiketi mapema, Agosti watu ni wengi. Dodoma kodini gari lenye dereva kwa siku zote mtakazokaa huko, na semeni tangu mwanzo kwamba mtafika Mongomi, ili mpewe gari linalofaa. Bebeni makoti ya asubuhi na usiku, na kitambaa cha kichwa na uso kwa kila mtu: Agosti upepo wa Dodoma haupumziki na vumbi ni la kweli, hapo waliowaambia hawakukosea.

Zabibu za kurudi nazo Tanga zinunueni asubuhi ya mwisho, si siku ya kwanza. Chagueni vishada ambavyo kikonyo chake bado ni kibichi. Kikiwa kimekauka na kuwa kahawia, zimekatwa juzi. Msitie kwenye mfuko wa plastiki, zitatoka jasho na kuoza kabla ya Chalinze. Chukueni boksi la karatasi, litobolewe matundu pembeni, zipangwe tabaka moja au mbili tu, vikonyo vikiangalia juu, na boksi likae chini ya kiti, si kwenye buti la basi karibu na injini. Msizioshe hadi siku ya kula. Mkifanya hivyo zitafika na ule utando wake mweupe.